InuYasha, Kamisama Kiss au Gingitsune: uanze na ipi kama unataka stori za wasichana wa hekalu na mapepo ya Kijapani

Nianze na jibu kabisa ili mwenye haraka aende zake. Kama unapenda vita, visasi na safari ndefu chukua InuYasha. Kama unataka mapenzi na kucheka chukua Kamisama Kiss. Na kama unataka kuona hekalu la Kijapani linavyoendeshwa siku hadi siku bila mtu kukatwa kichwa, chukua Gingitsune. Sasa wewe usiye na haraka kaa tuongee, maana hizi manga tatu, yaani vitabu vya katuni vya Kijapani, watu wanazitupa kapu moja kwa sababu zote zina hekalu, zote zina msichana wa sekondari na zote zina kiumbe mwenye masikio ya mnyama, halafu mtu anaanza na isiyo yake, anachoka njiani anasema manga za hivyo hazina kitu.

Tuwekane sawa kwanza kuhusu miko. Huyu ni msichana anayehudumu kwenye hekalu la Shinto, dini ya asili ya Wajapani, anavaa joho jeupe juu na hakama nyekundu chini, ile suruali pana ambayo kwa mbali unaiona kama sketi. Siku hizi kazi yenyewe ni ya kawaida tu, kufagia uwanja, kuuza hirizi na vikaratasi vya bahati, kucheza kagura, ile ngoma takatifu ya hekalu, siku za sherehe, na ikifika mwaka mpya mahekalu yanaelemewa na watu mpaka yanachukua wanafunzi wa kike wafanye kibarua. Zamani haikuwa hivyo. Zamani kulikuwa na miko wa kupandisha, roho inamshukia na anaongea kwa niaba yake, mambo ambayo mtu wa huku kwetu hahitaji kuchorewa, na mwaka 1873 serikali ya Japani ya enzi za Meiji ikapiga marufuku hizo shughuli za kupandisha na kuagua. Waandishi wa manga bado wana mapenzi na yule miko wa kabla ya marufuku. Kwa hiyo mimi nikilinganisha hizi tatu siangalii nani kachora vizuri zaidi, naangalia huyu binti wa hekalu anafanya kazi gani hasa, na inamgharimu nini.

Kwenye InuYasha inamgharimu maisha, tena si ya mtu mmoja.

Rumiko Takahashi aliianza Novemba 1996 kwenye jarida la Weekly Shonen Sunday, akaimaliza Juni 2008, juzuu 56. Ndiyo, 56, vuta pumzi. Kagome Higurashi anaishi Tokyo kwenye hekalu la ukoo wao, babu yake ndiye msimamizi, na siku anayotimiza miaka 15 anavutwa na pepo la tandu ndani ya kisima kikavu cha hapo nyumbani anaibukia enzi za Sengoku, ile Japani ya mabwana wa vita wanaochinjana karne ya 16. Huko anamkuta InuYasha, nusu mtu nusu pepo mbwa, amebandikwa kwenye mti kwa mshale miaka 50. Aliyempiga mshale huo ni Kikyo, miko aliyekuwa akilinda kito cha Shikon, kile kinachompa pepo nguvu kubwa, na Kagome ndiye Kikyo aliyezaliwa upya. Kito chenyewe kimo mwilini mwake.

Ngoja nikueleze sehemu moja ya mwanzoni kabisa, maana hapo ndipo utajua kama stori hii ni yako. Kito kimeshatoka mwilini mwa Kagome na kunguru pepo amekimeza, Kagome anapewa upinde ambao hajawahi kuushika maishani, anarusha anakosa, na InuYasha anamtukana kwamba Kikyo angempata mara ya kwanza tu. Yule ndege keshakatwakatwa lakini vipande vyake vinarudi kuungana kwa nguvu ya kito. Kuna mguu wake umebaki umeng'ang'ania nguo ya mtoto wa kijijini. Kagome anauchukua ule mguu, anaufunga kwenye mshale, anaachia, na mguu unaenda wenyewe kumtafuta mwenye nao. Anampata safi kabisa. Halafu kile kito nacho kinapasuka, vipande vinatawanyika nchi nzima, na kuanzia hapo ndio safari ya kuviokota inaanza. Yaani ushindi wake wa kwanza ndio unaoleta balaa la juzuu zote zinazofuata, na hakuna mtu mwingine wa kumlaumu. Mimi huo uandishi naupenda sana. Ukisoma hapo usipopata hamu ya kuendelea basi usijilazimishe, mambo ni hayo hayo mbele.

Lakini kinachoifanya iwe stori ya miko na sio ya upanga tu ni Kikyo. Kagome mwenyewe muda mwingi anatembea na yunifomu ya shule, anarudi kwao kufanya mitihani ya hesabu huku babu yake akimtungia magonjwa kwa walimu. Kikyo ndiye miko kamili. Kila pepo linamtaka kwa sababu ya kito, haruhusiwi kuyumba, haruhusiwi kupenda, na mpango wake ulikuwa kukitumia kito kumgeuza InuYasha awe binadamu kamili ili kito kiishe na yeye awe mwanamke wa kawaida. Akafa kwenye huo mpango. Halafu mchawi mmoja anamfinyanga upya kwa mifupa yake na udongo wa kaburini, na huyu Kikyo wa udongo anaishi kwa kukusanya roho za wanawake waliokufa. Kwa hiyo InuYasha yupo katikati ya msichana aliye hai na yule wa kwanza aliyekufa lakini anatembea, na mwandishi hakurahisishii uchague upande. Kuna wasomaji mpaka leo wanagombana Kikyo ni mbaya au mzuri, mimi nasema ndiye mhusika bora humo na sitaki ubishi.

Ubaya wake sasa. Katikati inazunguka. Naraku, adui mkuu, anakaribia kufa anatoroka, anatoa pepo jingine mwilini mwake, linauawa, anatoroka tena, hivyo hivyo juzuu nenda juzuu rudi mpaka unaanza kumuonea huruma fundi wa kuchora. Miroku yule mtawa wa Kibudha mwenye tundu la laana kiganjani ni mcheshi kweli, ila tabia yake ya kushika wanawake makalio na kuwaomba wamzalie mtoto inarudiwa mno, na leo hii inachosha kuliko ilivyochosha miaka ya 90. Na usimpe mtoto mdogo, kuna damu, kuna watu wanaliwa, kuna matukio ya kuoga.

Kamisama Kiss ni dunia nyingine kabisa. Ni ya Julietta Suzuki, ilitoka kwenye jarida la Hana to Yume kuanzia 2008 hadi 2016, juzuu 25, kwa hiyo hata nusu ya InuYasha haifiki. Nanami Momozono baba yake ni mcheza kamari, amekimbia madeni, wenye nyumba wamemtoa binti nje, amekaa bustanini na begi lake hana pa kulala. Anamkuta mwanamume amepanda mti kwa kuogopa mbwa. Anamfukuzia yule mbwa, wanaongea, jamaa anambusu kwenye paji la uso na kumwambia nenda nyumba yangu, ni yako sasa. Nanami anafika, nyumba ni hekalu lililochakaa, na lile busu ndilo limemfanya yeye kuwa mungu wa hilo eneo. Mungu wa zamani, Mikage, aliondoka miaka 20 iliyopita bila kuaga, na mtumishi wake, mbweha anayeitwa Tomoe, hana habari njema kwa yeyote anayekuja kukaa kiti cha bosi wake.

Wabishi watasema Nanami sio miko, ni mungu. Sawa, ila angalia anachofanya. Anafagia, anaandika talasimu kwenye karatasi, anasikiliza shida za watu na mapepo, anajifunza kagura ili hekalu lipate sherehe na watu warudi kuabudu. Ni kazi za miko mtupu, tofauti yake hakuna wa juu yake wa kumuuliza. Na hajui kitu! Hapo ndipo raha ilipo. Mteja wake wa kwanza wa maana ni binti mfalme wa kinamasi, pepo kambare, aliyempenda mvulana wa kibinadamu na anataka kukutana naye tena, na Nanami badala ya kutumia miujiza mikubwa anahangaika kumpangia miadi kama shangazi wa mtaani. Tomoe anapinga kabisa, anasema pepo na mtu hawaendani, na wewe msomaji unajua fika anayeongelewa hapo sio kambare.

Mkataba wa Tomoe kuwa mtumishi wake unafungwa kwa busu la mdomoni, na tangu hapo Nanami akitoa amri lazima mbweha aitii hata akiwa amenuna. InuYasha naye ana shanga za uganga shingoni, Kagome akisema keti anapiga pua chini. Wazo ni lile lile, ila Takahashi analitumia kwa kuchekesha tu na Suzuki analigeuza kuwa swali: kama huyu hawezi kukataa amri yangu, nitajuaje ananipenda? Hiyo kwangu ni hatua mbele.

Mapepo ya humo yana ucheshi. Kuna Kurama, tengu, yaani pepo la milimani lenye mabawa, aliyekuja mjini akawa staa wa muziki, mwenye jina la mlima ule karibu na Kyoto unaosifika kwa matengu, na mashabiki wanamwona kama malaika aliyeanguka. Tomoe anamgeuza ndege mbuni na kutaka kumpika. Kuna Mizuki, nyoka mweupe ambaye mungu wa hekalu lake alishatoweka lakini yeye amebaki peke yake analihudumia, na ukicheka sana na vituko vyake mwandishi anakukumbusha hilo ghafla mpaka kicheko kinakukwama. Halafu kuna mkutano wa Izumo. Kwenye imani ya Kijapani mwezi wa 10 wa kalenda ya zamani miungu yote inahamia hekalu la Izumo kule Shimane kwa kikao, sehemu nyingine zote zinabaki bila miungu, na Nanami kama mungu mgeni naye anaalikwa. Miungu wakubwa wanapigana vijembe kama wakubwa wa idara, na kutoka hapo stori inashuka mpaka Yomi, nchi ya wafu. Ukifika hapo hutasema tena kwamba hii ni ya mapenzi tu.

Kasoro zake zipo. Wahusika wa pembeni wanakuja wengi na baadhi hawapewi muda, na ile hadithi ya Tomoe wa kale, alipokuwa pepo katili kabla ya kutulia, ina mizunguko ya wakati ambayo ukisoma huku unasinzia utapotea. Nanami pia mwanzoni anaokolewa kila saa. Vumilia, inabadilika.

Gingitsune sitaiongelea kwa urefu ule, sio kwa sababu ni mbovu, ni kwa sababu haina mambo mengi ya kusimulia, na huo ndio uzuri wake. Ni ya Sayori Ochiai, ilianza 2008 kwenye Ultra Jump. Makoto Saeki ni mrithi wa hekalu dogo la Inari, mungu wa mpunga ambaye wajumbe wake ni mbweha. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, na kwa kuwa ndiye mwenye damu ya ukoo aliyebaki, ndiye pekee mwenye uwezo wa kumuona Gintaro, mbweha wa fedha mjumbe wa mungu, mkubwa, mvivu, mkali wa maneno, mpenzi wa machungwa. Baba yake Makoto ndiye kuhani, kila siku anaswali humo, lakini yeye kaolea tu kwenye ukoo, haoni kitu. Fikiria hiyo. Mtu anamhudumia Gintaro miaka yote hiyo bila kumuona, na binti anapita katikati akiongea na hewa. Mwandishi hapigi kelele juu ya hilo, analiacha tu lionekane mezani wakati wa kula.

Uwezo wa Gintaro ni mdogo, anaona kidogo ya mbele na anatafuta vitu vilivyopotea, basi. Hakuna adui wa kuangamiza dunia. Kuna rafiki aliyegombana na rafiki, kuna mvulana Satoru anayehamia kwao na mbweha wake mdogo Haru mwenye wivu wa hatari, kuna maandalizi ya sherehe. Na humu ndimo utamuona miko akifanya kazi ya miko kama ilivyo leo, Makoto na joho lake na hakama nyekundu na ufagio. Ukishaisoma, siku ukiona picha za Fushimi Inari kule Kyoto, na yale maelfu ya mageti mekundu, zile sanamu za mbweha utaziangalia kwa jicho jingine. Mwenye kutaka ngumi ataiita ya kulalia. Hajakosea.

Sasa upande wa muda na bando. Kama wewe ni wa kutazama anime, yaani katuni za video, kuliko kusoma, hesabu inabadilika. InuYasha ya kwanza ina episodi 167, ya 2000 hadi 2004, na inaishia kama juzuu ya 36 tu, ikiwa na episodi kadhaa za kujazia ambazo hazimo kwenye kitabu. Kisha 2009 ikaja The Final Act, episodi 26 zilizobanwa humo juzuu 20 zilizobaki. Ulinganifu hakuna, mwanzo unatambaa mwisho unakimbia, na vifo vingine muhimu vinapita kama basi la haraka. Kwa hiyo hii mimi nashauri kusoma. Ukinunua kwa Kiingereza tafuta zile nakala kubwa za kampuni ya Viz, zinaitwa Vizbig, juzuu tatu hivi kwenye kitabu kimoja, jumla 18, kwa sababu zinasomwa kulia kwenda kushoto kama asili, wakati zile nyembamba za zamani nyingi picha ziligeuzwa.

Kamisama Kiss anime ina misimu miwili, 2012 episodi 13 na 2015 episodi 12, halafu zikaja episodi nne za ile hadithi ya Tomoe wa kale na moja ya mwisho, lakini bado kuna mengi ya kitabuni yamerukwa. Hata hivyo anime yake ina ucheshi wa kasi ambao kwenye karatasi hauupati vile vile. Ningetazama msimu wa kwanza nikipenda nihamie kitabu, na nianze juzuu ya kwanza, usirukie katikati. Gingitsune ina msimu mmoja wa 2013, episodi 12, unamaliza wikiendi, na kwa anayeanza huo ndio mlango rahisi.

Kama unachagulia mdogo wako au mwanao, Gingitsune bila wasiwasi. Kamisama Kiss kuanzia sekondari hivi, kuna sake, pombe ya mchele, inanywewa sana na Tomoe mwanzoni anashinda kwa wanawake wa mtaa wa starehe wa mapepo, ila matusi ya picha hakuna. InuYasha wasubiri wakue kidogo.

Mtu atauliza mbona sijataja Natsume's Book of Friends ya Yuki Midorikawa. Kwa mapepo tu, hiyo inazipiga zote tatu, ilianza 2003 na bado inaendelea, lakini mhusika ni mvulana yatima aliyerithi kitabu cha majina ya mapepo kutoka kwa bibi yake, hakuna miko wa kumfuata hapo. Inari, Konkon, Koi Iroha ya Morohe Yoshida ipo jirani sana na Gingitsune, mtaa wenyewe ni Fushimi, binti anapewa na mungu wa hekalu uwezo wa kujibadilisha sura na anautumia kwa mambo ya mvulana, matokeo yake unayajua, juzuu 10. Soma hiyo kama Gingitsune imekuacha na kiu. Ila Kannazuki no Miko, ambayo jina lake linakudanganya kabisa kwamba ndiyo yenyewe, juzuu mbili tu, miko wa jua na miko wa mwezi, ina maroboti makubwa na ina tukio la kubakwa. Usimpe mtu kama zawadi bila kumwambia.

Mimi mtu akiniambia nimchagulie bila maswali nampa Kamisama Kiss, kwa sababu inamalizika, inachekesha na inakupa dunia nzima ya miungu na mapepo bila kukudai miaka. InuYasha nampa yule ambaye nikimtajia juzuu 56 anauliza ya kwanza iko wapi.